Ndege ya Brazili Imejaa

Wiki iliyopita nilitoka kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi nikiwa na hasira, na chakula changu nikakiacha mezani kikipoa. Mwenzangu wa zamu, Kemunto, Mkenya ambaye kama mimi anaishi Irving, karibu na Dallas, alikuwa anapanga likizo. Yeye na mumewe wanataka kwenda Brazili. Alikuwa ameshika simu akitusomea njia za kufika huko: unaweza kuruka moja kwa moja kutoka Dallas hadi São Paulo, unaweza kupitia Panama ukalala siku mbili, unaweza kushukia Kolombia kisha ukapanda meli ya mtoni siku tatu nne hadi Manaus, au ukaingia kwa basi kutoka Bolivia, au Paragwai, au Ajentina, upite ukiona maporomoko ya maji. "Options ni mob," akasema, "mpaka nashindwa nita-book gani."

Hakuwa na kosa. Alinifuata nje akaniuliza kama amenikwaza, nikamwambia hapana, ni uchovu tu. Lakini haukuwa uchovu. Orodha ile niliisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo haijawahi kuwa orodha ya likizo kwangu.

Tulikuwa tunaishi Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, mimi na Mama, katika yale maghorofa mnayoyajua ninyi mliokulia huko: ngazi za chuma zinazolia usiku kucha, kapeti yenye harufu ya wapangaji waliotangulia, na jioni kila mlango ukitoa mvuke wake. Kwetu ilikuwa sombe, yaani majani ya muhogo, na mawese. Mlango wa pili ilikuwa bizari ya Wanepali. Mama alifanya kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee, na mikono yake ilinuka dawa ya kufulia hata siku za mapumziko. Baba alikufia katika kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa mdogo. Nilizaliwa kambini humo, na nilijua nina kaka kwa namna mtoto anavyojua kuna Mungu, yaani kwa kuambiwa. Jina lake Bisimwa. Siku watu walipokimbia vita Kongo, yeye alikuwa Bukavu kwa baba mdogo kwa ajili ya shule, na wazazi wangu walikuwa Uvira, mimi nikiwa bado tumboni. Barabara ilifungwa katikati yao. Bisimwa alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alimletea Mama simu, akamwambia aketi kwanza. Kwenye simu kulikuwa na sauti ya kijana. Mama hakulia. Alimuuliza jambo moja tu: kovu la goti alilipata wapi. Sauti ikajibu, kwenye ngazi za parokia, siku ya komunyo ya kwanza ya binti wa jirani. Ndipo Mama akaketi chini, kwenye saruji ya uwanja wa kuegeshea magari, na gauni lake la kanisani.

Bisimwa alikuwa São Paulo. Baba mdogo alimchukua hadi Lubumbashi, kisha Angola kwenye biashara, kisha akafariki na kumwacha Luanda peke yake. Kutoka Luanda kuna ndege inayovuka bahari moja kwa moja hadi Brazili, na Brazili ilikuwa inawapokea watu kama yeye. Alikuwa na kibali cha kuishi na kazi ya usafi. Kuja Marekani hakuweza. Alijaribu kuulizia na wakamwambia asijisumbue. Basi Mama akasema atakwenda yeye. Alilisema hivyo hivyo, kwa wepisi, kama mtu anayesema atakwenda Alief, kule Houston, kununua unga wa muhogo.

Na kweli safari ilianzia Alief. Huko Houston kulikuwa na mtu wa kwetu aliyeitwa Papa Déo, aliyekata tiketi na kujaza fomu katika kona ya duka la vyakula, kati ya samaki wakavu na nywele za bandia. Tulimwendea kwa basi kutoka Dallas, saa nne na zaidi nikiwa nimegandisha uso kwenye kioo. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitandaza ramani mezani akaanza kutembeza kidole, na ndipo niliposikia njia zote. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa Houston. Ndege ya kupitia Panama. Basi la kutoka Bolivia. Meli ya mtoni, ambapo abiria hulala kwenye vitanda vya wavu vilivyofungwa kwenye nguzo, na asubuhi mnapewa kahawa huku msitu ukipita pande zote mbili. Moyo wangu uliruka kwenye meli ile. Nilimvuta Mama mkono, nikamwambia twende na ya mtoni.

"Mimi mito nilivuka ya kutosha," Mama akasema. "Papa Déo, utupatie ndege."

Hatukuwa raia. Tulikuwa na kile kitabu ambacho Marekani huwapa wakimbizi wasafirie, kinachofanana na pasipoti lakini si pasipoti. Papa Déo alitueleza kila hatua, na nataka nimtendee haki: hakutudanganya popote. Ilihitajika viza, tukaiomba kwenye ubalozi mdogo wa Brazili palepale Houston, ambako mama mmoja alipokea karatasi zetu kwa upole na kunisifia misuko yangu. Ilihitajika chanjo ya homa ya manjano, tukachanjwa wote wawili, mkono ukaniuma siku mbili. Wiki kadhaa baadaye vitabu vyetu vilirudi. Mama alifungua ukurasa wa katikati, akanionyesha ile viza iliyobandikwa na picha yake ndani, akaibusu. Kisha akaenda kununua mashati ya Bisimwa. Hakujua ukubwa wake, kwa hiyo alinunua matatu ya rangi moja, kila moja saizi yake.

Lazima nieleze na jambo la shule, kwa maana bila hilo mtanihukumu vibaya. Kila asubuhi darasani tulisimama, tukaweka mkono kifuani, tukaiapia bendera. Mwanzoni nilikuwa nachezesha midomo tu. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa nimeyashika maneno yote bila kukosea, na mwalimu wetu, mwanamke mwema aliyetupenda, alitutazama Wakongo na Waburma na Wasomali wa darasa lile akasema: ninyi nyote humu ni Wamarekani. Nilimwamini. Nilidhani hivyo ndivyo inavyofanyika. Unajifunza maneno, unayasema bila kukosea, mwalimu anakuambia umekuwa. Sikumwambia Mama kwa sababu nilidhani yeye anajua.

Siku ya safari tulifika uwanja wa ndege wa Houston saa tisa alasiri, ndege ikiwa ya jioni. Papa Déo alituteremsha mlangoni na kurudi kazini. Mama alivaa kitenge kipya cha bluu kilichoshonwa Alief, na kilemba chake kilikuwa kirefu kuliko cha kila mtu. Ndani mlinuka kahawa na dawa ya sakafu, na baridi ya mashine ya kupoza hewa ilinifanya nisimame na meno yakigongana, ingawa sasa nadhani ilikuwa furaha. Foleni ilisogea. Tukafika kaunta.

Mhudumu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alivichukua vitabu vyetu, akavigeuza, akatazama jalada mbele na nyuma, akasema hii siyo pasipoti. Nikamtafsiria Mama. Mama akasema nimwambie ni kitabu cha mkimbizi, kimetolewa na serikali ya hapa. Nikasema. Mhudumu akasema hakijui. Mama akanyoosha mkono taratibu, akafungua ukurasa wa viza, akaweka kidole chini ya picha yake.

"Umwambie viza iko hapa," akasema. "Aangalie tu."

Nilimwambia. Mhudumu hakuangalia. Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana na bado nataka kumshika mkono. Ukurasa ulikuwa wazi mbele yake, kidole cha mama yangu kikiwa juu yake. Alikuwa na kompyuta na simu, na nyuma yake kulikuwa na mlango wenye watu ambao kazi yao ni kujibu maswali kama hayo. Alikuwa na kila kitu isipokuwa nia. Akafunga kitabu, akainama juu ya kaunta, akaniuliza mimi. Hakumuuliza Mama. Aliniuliza mimi mwenye miaka tisa, kwa sauti ile ambayo watu wazima huitumia wanapotaka mtoto awarahisishie kazi:

"Mpenzi, hebu niambie. Ninyi ni raia wa Marekani?"

Nilijua jibu. Kwa mara ya kwanza tangu tufike kaunta, niliulizwa kitu ambacho sikuhitaji kumuuliza Mama.

"Ndiyo," nikasema.

"Nyote wawili?"

"Ndiyo."

Akamwita msimamizi, mwanamume mrefu mwenye simu ya upepo kiunoni. Akamweleza haraka haraka. Yule naye akatazama vitabu, akamtazama Mama, akamuuliza polepole na kwa sauti kubwa, kama kwamba Mama ni kiziwi, ikiwa ni kweli anadai kuwa raia wa Marekani. Mama hakuelewa. Alinitazama. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, kumwonyesha kwamba tunaendelea vizuri. Mama akaniamini, akatikisa kichwa naye.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Msimamizi alisema kama sisi ni raia basi tuonyeshe pasipoti za raia, na kama sisi si raia basi tumedanganya, na kwa vyovyote vile yeye hawezi kutupandisha. Sikuweza kuyatafsiri yote. Nilimwambia Mama wanataka pasipoti nyingine. Mama akafungua tena ukurasa wa viza. Mwanamke akasema tusogee kando, kuna watu wanasubiri. Tulisogea kando na masanduku yetu, na watu waliokuwa wanasubiri wakasogea mbele, wakapewa karatasi zao za kupandia, wakaenda. Kulikuwa na vijana wawili wenye kaptura na mabegi ya mgongoni. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba hajui kama Brazili wanataka viza au la, watajua wakifika.

Mama aliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa mikono. Alipoona hakuna anayemtazama, alikusanya vitabu akaviingiza ndani ya blauzi, akanishika bega tukaenda kuketi.

"Tunaenda lini?" nikamuuliza.

"Ndege imejaa, mutoto wangu."

"Yote?"

"Yote. Tutaenda siku ingine."

Papa Déo alikuja kutuchukua. Ndani ya gari aliniuliza, kwa upole, yule mama wa kaunta aliniuliza nini na mimi nilijibu nini. Nilimweleza kwa fahari. Nakumbuka alivyopunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa wazi. Kisha yeye na Mama wakahamia Kifaransa, lugha waliyoitumia watu wazima wa kwetu walipotaka watoto wasisikie, na wakaongea hivyo hadi Alief. Nilikuwa nimeketi nyuma na sanduku la mashati magotini, nikiwachukia watu wote waliowahi kujaza ndege.

Hiyo ikawa sababu. Kila nilipouliza tutakwenda lini kwa Bisimwa, Mama alisema ndege za Brazili bado zimejaa. Nilikuwa mtoto wa kuamini. Vickery Meadow ndege hupita juu zikienda kushuka, na kila moja nilidhani imebeba watu waliotutangulia. Mashati matatu Mama aliyapeleka kanisani, wakayachukua wanaume watatu tofauti. Bisimwa alipopiga simu, mara nyingi nilikuwa wa kwanza kuipokea, na siku moja aliniuliza mimi kwa sababu Mama alikuwa amekwepa swali.

"Sifa, mbona hamukuja?"

"Ndege zimejaa," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote. Tulifika mpaka uwanjani. Zimejaa."

Akasema nimsalimie Mama. Baada ya hapo simu zake zikawa za Krismasi na Pasaka, na sauti yake ikawa ya adabu, kama ya mtu anayemsalimia mama wa rafiki. Nami nikaanza kumchukia kidogo. Niliona ni kaka mwenye kiburi, asiyeelewa kwamba tulijaribu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipomkalisha Mama mezani kujaza fomu ya uraia. Wenzetu wote tuliofika nao walikuwa wameshaapishwa. Mama alikuwa anapiga chenga kila mwaka: kazi nyingi, Kiingereza hakijatosha, mwaka ujao. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nataka kuomba vyuo. Nilileta fomu, nikatengeneza chai, nikaanza kumsomea maswali na kuandika majibu yake. Tulipita majina, anwani, kazi, safari. Tukafika kwenye maswali ya ndiyo na hapana. Moja linauliza kama umewahi kudai, kwa maandishi au kwa namna nyingine yoyote, kuwa raia wa Marekani.

Nilikuwa tayari nimeshaandika hapana. Mama akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Hapo," akasema. "Ni hapo tu ndipo tunakwama."

Nikamuuliza tunakwama vipi, hajawahi kudai kitu kama hicho maishani mwake. Alikuwa amezoea kunificha jambo hili kiasi kwamba sasa hakujua atalitoaje. Mwishowe alisema, kwa kifupi sana, kwamba kule Houston, kwenye kaunta, mimi nilisema ndiyo na yeye akatikisa kichwa. Papa Déo alimwambia siku ileile kwamba neno hilo ni zito, kwamba kuna watu wamefukuzwa nchini kwa ajili yake, kwamba asionyeshe tena kitabu kile popote na asiombe chochote hadi mambo yapoe. Papa Déo alikuwa ameona, ama alikuwa amesikia. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Akangoja mambo yapoe. Aliyangoja miaka saba.

"Na ndege kujaa?" nikauliza.

"Ulikuwa mutoto. Ningekuambia nini? Kwamba ni wewe?"

Sitawadanganya kwamba nilimkumbatia. Niliamka nikapiga ukuta kwa kiganja hadi jirani akagonga kutoka upande wa pili. Nilimkasirikia Mama kwa kunyamaza, nikamkasirikia Papa Déo kwa hofu yake, nikamkasirikia mwalimu wangu kwa wema wake. Ilinichukua wiki nzima kumfikia yule ambaye hasira ilikuwa yake. Mtu mzima, kazini, mwenye kila chombo, aliacha kusoma ukurasa uliokuwa wazi mbele yake, akachukua uamuzi mzito kabisa wa maisha ya familia moja, akaufunga kwenye neno la mtoto. Kisha akaenda nyumbani kula chakula cha jioni. Hakuandika popote. Sikulijua hilo wakati ule, lakini hakuna mtu aliyeandika chochote popote.

Fomu tuliituma, na hilo tulilijua siku ya mahojiano ya uraia. Wakati huo Mama alikuwa ameshajifunza Kiingereza cha kujitosha, na aliniambia kwamba safari hii hataki nimsemee. Nilikaa nje kwenye viti, nikihesabu vigae vya dari. Alitoka kabla sijavimaliza. Alisema afisa alipofika kwenye swali lile, yeye alijibu ndiyo, akamweleza yote kwa maneno yake mwenyewe, kaunta, mtoto, kichwa alichotikisa. Afisa alimuuliza mtoto alikuwa na umri gani. Miaka tisa. Akamuuliza kama yeye mwenyewe alielewa alichoulizwa. Hapana. Afisa akaandika kitu kifupi, akamwambia sawa, sasa naomba uniandikie sentensi moja kwa Kiingereza.

Basi. Hivyo tu. Kitu kilichomzuia mama yangu kumwona mwanawe kwa miaka saba kilimalizwa kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Watu walitupongeza, kanisa likatupikia, na mimi nilikula nikitazama sahani tu. Sikuweza kushangilia mlango ambao haukuwahi kufungwa.

Kwa kuwa sikuwa nimefikisha miaka kumi na minane, uraia wa Mama ukanichukua na mimi. Tukapata pasipoti za bluu. Wakati ule wenye pasipoti hizo hawakuhitaji hata viza kuingia Brazili. Tuliondoka Dallas, ndege ya moja kwa moja. Kwenye kaunta, kijana mmoja alichukua pasipoti, akazipitisha kwenye mashine, akauliza kama tuna mizigo, akatutakia safari njema bila kuinua macho. Mama alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa maswali, alikuwa ameyakariri kwa Kiingereza wiki nzima. Ilibidi nimvute kiwiko.

Na ndege yenyewe ilikuwa na safu nzima tupu nyuma yetu. Mama alizitazama zile siti, akageuza uso dirishani.

Bisimwa alikuwa mwembamba na mrefu, mwenye mvi chache kwenye miaka ishirini na saba. Alimwamkia Mama kwa Kiswahili kilichoanza kushika kutu, akitafuta maneno kwenye Kireno. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akaugeuza huku na huku, kama anayechagua tunda sokoni, na hakuuachia hadi askari wa uwanja akatuomba tuondoke njiani. Tulichukua basi, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi jingine, hadi kwenye nyumba ya vyumba viwili alikoishi na mkewe Rosângela, Mbrazili mwenye sauti nene, aliyekuwa mjamzito wa miezi saba.

Baada ya chakula alitueleza kazi yake, na aliieleza akinitazama mimi. Kazi ya usafi ambayo Mama aliisikia kwenye simu miaka yote ile ilikuwa ya kusafisha ndege. Zikishashusha abiria wanaingia wao, dakika arobaini, wanaokota magazeti na vikombe, wanafunga mikanda ya viti. Alikuwa amesafisha ndege za kutoka Houston na za kutoka Dallas. Alijua zilivyojaa na zisivyojaa. Kuna siku, alisema, ungeona blanketi bado ziko ndani ya plastiki, safu kumi, kumi na tano, hakuna aliyeketi hapo.

"Ile siku nilibadilisha zamu nikawangoja," akasema. "Nikangoja na kesho yake. Kisha wewe ukaniambia zimejaa. Nikajua basi, Mama amefikiri, ameona afadhali abaki na mtoto mmoja."

Mama alianza kumwomba radhi. Alisema ni yeye aliyeutunga ule uongo, alitaka kunikinga mimi, hakufikiria uongo huohuo ungemfikia yeye ng'ambo ya pili. Bisimwa akasema hapana, yeye ndiye wa kuomba radhi, miaka yote ile ya kupiga simu Krismasi tu, kama mgeni. Nami nikasema ni mimi niliyesema ndiyo. Nikasema na ni mimi niliyemwambia ndege zimejaa. Tulikuwa tumeketi watatu kwenye kochi moja, tukiombana msamaha kwa zamu, tukilia, na hata mle ndani ya machozi nilikuwa nafura kwa hasira, kwa sababu nilitutazama na sikumwona kati yetu aliyekosa.

Rosângela alitoka jikoni akifuta mikono. Hakuwa anaelewa Kiswahili. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamuuliza mumewe kitu kwa Kireno, kwa ukali, kama mtu aliye tayari kwenda kugombana. Nilimuuliza Bisimwa amesema nini.

"Anauliza ni nani aliyewafanyia hivi," akasema.

"Mwambie."

Bisimwa akamgeukia Mama. Mama akanigeukia mimi. Nilitafuta kichwani, nikaona kalamu nyuma ya sikio, nikaona mkono unafunga kitabu. Palikuwa na kibati kifuani pake chenye jina, na mimi nilikuwa najua kusoma, lakini sikukisoma.

"Mwambie hatumjui jina," nikasema.